Hakuna Aliyenisukuma

Sumbawanga, Jumapili jioni

Mwanangu Gaudensi,

Mama yako amekwisha kukufungia kila kitu: sweta, dawa ya malaria, unga wa ulezi kwenye mfuko wa nailoni. Pasi ya kusafiria ameitia kwenye kitambaa na kukishonea ndani ya koti. Mambo ya kula, kulala na kuchunga mzigo kwenye basi na kwenye treni amekueleza, na kesho alfajiri kituoni atakueleza upya, kwa hiyo mimi siyagusi.

Nakuandikia kwa sababu hukuwepo leo mchana. Jana ulipokwenda Mwazye kumuaga bibi yako, ulisema leo saa nne utakuwa umerudi. Namjua mama yangu. Hamwachii mgeni mpaka amekula mara tatu. Sasa wewe ukiwa huko unalishwa, hapa nyumbani kumetokea jambo linalokuhusu kuliko mtu yeyote, na soko zima limeshalipata. Nataka wewe ulipate kutoka kwangu, na ulipate lote, tangu lilipoanza miaka ishirini na miwili iliyopita. Barua naiacha juu ya mzigo wako, uisome ukirudi usiku huu.

Unaijua hadithi ya mbio zangu. Nani hapa mjini haijui? Kwamba mimi, Desideri fundi cherehani, nilipokuwa kijana jeshini nilichaguliwa kwenda nje kukimbia mita mia nne, mashindano makubwa ya mataifa kama haya unayoyaendea. Kwamba kwenye kona ya mwisho, nikiwa naongoza, mtu mmoja alinipiga bega nikaanguka. Nikainuka, nikamaliza wa mwisho huku goti linachuruzika damu, na uwanja mzima ukasimama kunipigia makofi.

Haikuwa hivyo. Hakuna aliyenisukuma.

Ilivyokuwa ni hivi. Viwanja nilivyovizoea hapa nchini vilikuwa na njia sita, na kwa kuwa nilikuwa na jina kidogo, kila mara nilipangwa katikati. Nikitazama mbele namwona mtu wa kumfukuza. Kule nilikuta njia nane, na kura ikaniangukia ya nane, ya nje kabisa. Wewe unajua maana yake. Anayekimbia nje anazunguka duara kubwa zaidi, kwa hiyo anaanzishwa mbele ya wenzake wote ili umbali uwe sawa. Nilielezwa na kocha, nikaitikia ndiyo, lakini kuelezwa ni kitu kimoja na kusimama pale ni kingine. Sikuona mgongo wa mtu. Mbele yangu palikuwa na changarawe tupu na bendera zinapepea.

Bastola ikalia. Nikatoka kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua. Mimi nimekulia kwenye upepo huu wetu wa Ufipa, ule wa Juni unaoshuka kutoka milima ya Malonje na kukuzaba usoni. Kule hewa ilikuwa imetulia kama ya jikoni, nikajiona sina uzito. Nikamaliza kona ya kwanza, sioni mtu. Nikaingia upande wa pili wa uwanja, sioni mtu. Nikajiambia, Desideri, umewaacha watu wa dunia nzima! Na upande ule ndiko walikokaa wenzangu wa timu yetu. Mwanangu, niliwapungia mkono. Katikati ya mbio za mita mia nne niliwapungia mkono kama bwana harusi aliye juu ya gari.

Nao walikuwa wamesimama wanapiga kelele. Nikadhani wananishangilia. Baadaye nilikuja kuambiwa walichokuwa wanasema: "Wanakuja! Desideri, kimbia, wanakuja!"

Nilisikia vishindo kushoto kwangu tulipoanza kona ya pili. Akapita mmoja. Akapita wa pili, wa tatu, kila mmoja kwenye njia yake, hakuna hata aliyenigeukia. Nilipoingia mita mia za mwisho miguu ilikuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa mgonjwa. Nilifika wa nane kati ya wanane. Wa saba alikuwa ameshaanza kuvua viatu.

Mpaka hapo sina kosa la kukuungamia. Mtu kushindwa mbio si kosa. Kosa lilikuja dakika mbili baadaye. Yule aliyeshinda, kijana mrefu wa njia ya nne, alikuwa ameinama ameshika magoti. Akaniona nimesimama peke yangu, akaja. Akanyoosha mkono. Alisema maneno kwa lugha nisiyoijua, akaonyesha ile njia ya nane kwa kidole, akajishika kichwa, akacheka. Leo nina hakika alikuwa ananiambia kwamba njia ile inatesa, na kwamba hata yeye imewahi kumpata. Nikamgeuzia mgongo. Niliondoka mkono wake ukiwa bado hewani.

Tukarudi nchini. Nilipofika hapa kituoni nikakuta watu wamejaa na ngoma. Mbele yao alisimama Kastori, huyu huyu baba yako mdogo mwenye duka pale sokoni. Tulichunga mbuzi pamoja, na wakati huo alikuwa bado anauza vitunguu kwenye karai. Hata ngazi ya basi sijaimaliza, akaniuliza, "Vipi, ndugu yangu? Umetuletea nini?"

Ningesema nimeshindwa. Ni neno moja tu. Nikamtazama, nikazitazama zile ngoma, nikasema, "Nilisukumwa."

Basi. Hilo ndilo lililozaa yote. Walinibeba juu juu mpaka nyumbani. Mwaka wa kwanza aliyenisukuma alikuwa mtu tu. Mwaka wa tatu akaota mabega mapana. Biashara zilipofunguliwa, wenye magari wakaanza kuja mjini kutoka Zambia na pete na mikufu, yule mtu naye akapata jino la dhahabu. Kastori ndiye aliyeliongeza, mimi sikulikataa. Na ujue sura niliyompa ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya yule wa njia ya nne, mtu pekee kati ya wale wote aliyekuja kunipa mkono. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kupunga.

Ukiwa na miaka mitano ulikuwa unaizunguka nyumba yetu mbio, umevaa shati langu linaburuza, unamfukuza mtu wa jino la dhahabu. "Baba, nimemkamata!" Mimi niko kwenye cherehani, nacheka na huku nataka ardhi inimeze.

Kisha ukaingia sekondari, na Mwalimu Hidaya akahamia kutoka Kirando. Watu walimshangaa, mwanamke wa ziwani mwenye ushungi kufundisha michezo huku kwenye baridi. Akaja na kamba ya nyavu aliyopewa na kaka yake mvuvi, akaipima, akaikata, akachora ule uwanja wa shule kwa majivu, njia sita zilizonyooka. Siku hiyo ulirudi nyumbani unaruka. Ukachukua kijiti ukanichorea duara hapa hapa uani, mstari ndani ya mstari. Mimi nilikuwa napunguza koti. Marobota ya mtumba yalikuwa yameshajaa sokoni, nami nilikuwa nimeacha kushona suruali mpya, nimekuwa mtu wa kupunguza makoti ya Wazungu yawaenee Wafipa.

Ukasema, "Baba, kumbe mita mia nne kila mtu ana njia yake tangu mwanzo mpaka mwisho! Ukikanyaga ya mwenzako unatolewa." Ukautazama tena mchoro. "Sasa yule alikusukumaje?"

Hukuuliza kwa ubaya. Ulikuwa na miaka kumi na minne, ulitaka kujua. Nami nikakuuliza, "Ulikuwepo?" Ukasema hapana, Baba. Nikasimama, nikaufuta ule mchoro kwa mguu, nikakwambia kuanzia kesho hakuna mbio, shamba la ulezi linakusubiri.

Muhula mzima nilikunyima. Kila ukitoka shule nakutuma shambani, na kazi ikiisha natafuta nyingine. Mama yako aliniuliza kuna nini, nikamwambia njaa haikimbiwi kwa viatu. Nilijua ninachofanya, Gaudensi. Sitaki ufikiri sikujua. Nilikuwa namwogopa mtoto wangu mwenyewe kwa sababu ya swali moja.

Aliyeniokoa ni yule mwalimu. Jumamosi moja asubuhi nasikia hodi, nafungua mlango, namkuta Mwalimu Hidaya na jembe begani, nyuma yake wanafunzi kumi na mmoja, kila mtu na jembe lake, wanatetemeka kwa umande.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna nini, mwalimu?"

"Gaudensi ameniambia hawezi kuja mazoezini kwa sababu ya shamba. Basi tumekuja kulimaliza."

Nikasema haiwezekani, mwalimu hawezi kunilimia. Akasema, "Kwetu Kirando sikulima, nilikuwa naanika dagaa. Kwa hiyo nitalima vibaya. Lakini nitalima." Na kweli alilima vibaya, unakumbuka? Alifyeka ulezi na magugu pamoja, mama yako akamwondolea jembe akampa kazi ya kuimbisha. Saa nane shamba lilikuwa jeupe. Walikula maharage sufuria mbili. Wakati wa kuondoka hakuniuliza chochote, alisema tu, "Jumatatu saa tisa, mzee." Nami nikajibu, "Atakuja."

Wiki ile nilipekua marobota ya mtumba kama mwendawazimu mpaka nikapata vile viatu vya misumari. Ulidhani nimevipata kwa bahati. Nilikaa siku tatu soko zima likinicheka, fundi mzima kichwa chini kwenye rundo la viatu. Misumari mitano ilikuwa imeng'oka, nikaenda kwa mhunzi akanichongea mingine. Ilikuwa njia yangu ya kukuomba msamaha bila kutamka. Leo naona ilikuwa njia ya mwoga, ingawa viatu vilikuwa vizuri.

Miaka sita imepita tangu uulize lile swali, na hukuuliza tena. Mara ngapi Kastori amesimulia mbele yako, na watu wakakugeukia, "Eti, Gaudensi?" nawe ukatabasamu tu? Ulikuwa unajua. Tangu siku ile ya mchoro ulijua baba yako anadanganya, ukanifunika kama mtu anavyomfunika mlevi wake asionekane na majirani. Hakuna mtoto anayestahili kazi hiyo. Ahsante, na unisamehe. Kuanzia leo umeachishwa.

Sasa nikwambie ya leo.

Baada ya misa watu walianza kuja. Tulikuwa tumewaalika wakuage, na mwenye kuagwa yuko Mwazye anakula. Mama yako akasema hatuwezi kuwarudisha watu na kuku wameshaiva, wakae, wakuombee. Ua wetu ukajaa. Mwalimu Hidaya alikuja na mumewe. Walikuja hata wale jirani zetu Wasukuma wanaochunga ng'ombe karibu na uwanja wa shule, wale ambao siku zote huwazuia ng'ombe wao mpaka umalize mzunguko.

Wengi wao walikuwepo siku ile ya redio. Wewe ulikuwa Dar, hukuiona. Tulikuwa dukani kwa Kastori tumebanana mpaka kwenye magunia ya sukari, mtangazaji akasoma majina ya waliochaguliwa timu ya taifa, mita mia nne wanaume, akakuita "Godensi wa Rukwa". Kastori akaipigia redio kelele, "Gaudensi! Gaudensi, we bwana!" kana kwamba yule atasikia. Mama yako alikaa chini sakafuni akacheka na kulia. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye upepo.

Tuendelee. Kastori akasimama leo na glasi yake ya togwa. Akasema, "Ndugu zangu, deni la miaka ishirini na miwili linakwenda kulipwa. Gaudensi akifika huko amtafute mtoto wa yule mtu wa jino la dhahabu. Akimkuta, amwonyeshe vumbi! Amlipie baba yake!" Watu wakashangilia, vigelegele, wazee wakagonga fimbo chini. Mmoja wa wale vijana wa sokoni akapaza sauti, "Mshikaji, akamkomeshe!"

Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona wazi. Nikaona unapanda gari kesho na mzigo wangu juu ya mzigo wako. Unakwenda kusimama kwenye mstari, na kumbe kichwani una kazi ya kumlipizia kisasi mtu ambaye hakuonewa, kwa mtu ambaye hakukosa. Mita mia nne zenyewe zinatosha kumvunja mtu.

Nikasimama. Walidhani nashukuru. Nikasema, "Kastori, ndugu yangu, kaa chini. Hakuna aliyenisukuma."

Nikarudia, "Sikuanguka. Nilikuwa wa nane kati ya wanane, na aliyeshinda alikuwa mtu mwema. Niliwadanganya tangu siku ile kituoni."

Halafu mtu akacheka. Alikuwa mama yako, yuko mlangoni na mwiko mkononi, anacheka mpaka anajishika ukuta.

"Mimi nilijua siku ile ile uliyoshuka basi," akasema. "Mtu aanguke kwenye changarawe, damu imchuruzike, halafu goti linabaki laini kama la mtoto mchanga? Nilikuwa mchumba wako, magoti yako niliyatazama vizuri."

Watu wakaangua kicheko. Nikamuuliza mbona hukusema miaka yote hii. Akasema, "Nilikuwa nasubiri uchoke."

Kastori hakucheka. Alikuwa bado amesimama. "Kwa hiyo na mimi nimekuwa mwongo," akasema. "Miaka yote hii, dukani kwangu, mbele ya wateja wangu." Nikamwambia ndiyo, nimekufanya mwongo, na nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Nilifikiri anaondoka. Kisha akavuta kiti chake, akakaa, akakunja mikono.

"Haya," akasema. "Simulia ya kweli. Na usiruke kitu."

Nikaisimulia. Njia ya nane, nyumba inayoungua, uwanja mtupu. Nilipofika kwenye kupunga mkono, Kastori akainama akashika tumbo. "Ulipunga? Desideri, ulipunga?" Nikamwonyesha nilivyopunga. Wazee walitokwa na machozi. Bibi mmoja akanitaka nirudie ile ya kupunga kwa sababu alikuwa anakohoa hakuona vizuri. Nilipofika kwenye ule mkono ulionyooshwa nikaugeuzia mgongo, Mwalimu Hidaya akasema polepole, "Angekuwepo hapa leo angekula na sisi." Nadhani ni kweli.

Mwisho Kastori akafuta macho akasema, "Hii ni nzuri kuliko ile ya kwanza." Na namjua, kesho saa mbili itakuwa inasimuliwa dukani.

Hivyo huna deni la mtu, mwanangu. Ukishinda, nitafurahi mpaka nichanganyikiwe, siwezi kukudanganya kwa hilo pia. Ukiwa wa nane, utashuka kituoni hapa utuambie umekuwa wa nane, nasi tutakupokea kwa ngoma zile zile. Kuhusu kukimbia kwenyewe sina la kukufundisha. Mwalimu Hidaya ameniacha mbali. Ninachokijua mimi ni kile kinachotokea baada ya mstari wa mwisho, mtu anapokuwa hana pumzi na anatafuta pa kujificha. Hapo simama. Tazama nani yuko karibu nawe. Kama amekushinda, mpe mkono wewe kwanza. Kama umemshinda, mfuate alipo.

Nimalizie na aibu moja mpya. Baada ya chakula vijana wakaanza kunichokoza kwamba hawaamini niliwahi kukimbia hata kidogo. Kastori akasema haya, uwanja uko pale. Gaudensi, tulikwenda wote, mji mzima, na mama yako amebeba koti langu. Wasukuma wakasogeza ng'ombe. Mwalimu Hidaya akanisimamisha kwenye mstari, akaniuliza kama moyo wangu ni mzima, akapuliza filimbi.

Nilikimbia na viatu vya kanisani. Kona ya kwanza nilikuwa mzuri kabisa. Upande wa pili upepo ukaibandika suruali yote mapajani, nikawapungia, wakapiga mayowe. Kona ya mwisho sikukimbia, nilitembea haraka. Mita mia za mwisho mama yako aliingia uwanjani akanishika mkono, tukazimaliza pamoja, koti begani kwake, watoto nyuma yetu, na Kastori kwenye mstari anahesabu kwa sauti kama mpumbavu. Sijui mara ya mwisho kucheka namna ile ilikuwa lini.

Sasa nimekaa hapa siwezi kuinuka kwenye kiti. Mapaja yamekuwa mawe. Kesho alfajiri kituoni utamwona baba yako anakuja anachechemea mbele ya abiria wote, ameegemea bega la mama yako. Usinihurumie hata kidogo. Cheka, mwanangu, cheka kwa nguvu, kisha panda gari uende ukakimbie mbio zako.

Ni mimi baba yako,
Desideri